Mwenyekiti Mpya na Sufuria ya Bi Kidawa

"Mwezi mzima, Bi Kidawa! Mwezi mzima nanusa pilau lako, na hata kisahani cha kuonja hakijavuka ukuta huu!"

"Kwani nimekukataza kununua mchele? Mikono unayo, jiko unalo, domo ndiyo usiseme. Pika!"

"Domo, mimi?"

"Sasa nani? Hao unaowasuka wanafuata nywele kwako?"

Baraza lote likaangua kicheko. Chausiku alikuwa amebana kichwa cha Mwajabu katikati ya magoti, upande mmoja umeshasukwa na mwingine umesimama kama umepigwa shoti, na hata huyo Mwajabu naye alicheka mpaka alipovutwa utosi. Kuchekwa kwenye baraza lako mwenyewe, mbele ya wateja wako, si jambo dogo. Chausiku akachomeka kitana kwenye nywele za Mwajabu, akainuka, akausogelea ukuta.

Kuta za Darini ni fupi. Mtaa wenyewe umejengwa juu ya mapaa ya maghala ya zamani ya mkonge, tangu maji ya bahari yalipopanda yakazichukua barabara za chini, na waliohamia huku juu walikubaliana kwamba ukuta wa jirani usipite kifua cha mtu mzima. Sababu ni sahani. Ukipika kitu kinachonukia, iwe pilau, iwe samaki wa kupaka, iwe maandazi ya hiliki, jirani lazima aonje, na sahani hiyo hupita juu ya ukuta, haizunguki mlangoni. Anayepika vizuri akala peke yake hupachikwa jina, na watoto wake wakalirithi.

Na huyu hakuwa mtu hivi hivi. Huyu alikuwa Bi Kidawa wa masufuria, mpishi wa shughuli. Enzi zake hakuna harusi iliyopangiwa tarehe Darini kabla yeye hajaulizwa kama ana nafasi. Chausiku mwenyewe aliolewa kwa pilau la Bi Kidawa. Mume alishakwenda zake, ladha ya pilau anayo mpaka leo. Halafu manispaa ikaleta ukumbini ile mashine ya kupikia, ikamwomba bibi aipikie mara moja tu, ionje. Akaipikia kwa moyo wote. Tangu hapo harusi zinapikiwa na mashine, pilau lile lile punje kwa punje, na Bi Kidawa anaalikwa kama mgeni, siku wakimkumbuka.

"Uzee umekuletea uchoyo," Chausiku alisema, sasa kifua chake kimegusa ukuta.

"Na wewe umekuletea nini? Kunusa nyumba za watu kama paka!"

"Weee!" wakaitikia barazani.

"Haya, nanusa! Lakini si mimi peke yangu. Leo mwenyekiti mpya anakuja kujitambulisha, na Pua ya manispaa anakuja nayo. Tutaiuliza mbele ya watu, itwambie unapika nini na unamlisha nani!"

Bi Kidawa akauacha ukuta, akarudi jikoni kwake. Chausiku aliona, akajihesabia ushindi.

*

Semeni Lugendo alipanda kwa ngazi. Hilo peke yake lilizungumzwa kabla hata hajafika juu, kwa sababu mwenyekiti aliyemtangulia alikuwa akipandishwa na lifti ya mizigo, anasoma karatasi yake, anashushwa na lifti ya mizigo, na watu wa Darini walimjua zaidi kwa kisogo. Semeni alitokeza anahema, amevaa raba za turubai, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayekuja kufua.

"Hodi Darini!"

"Karibu! Mwenyekiti gani anapiga hodi uwanjani?"

"Anayetaka kujibiwa." Akapangusa jasho. "Wakubwa, shikamooni. Wa rika langu, habari za mchana. Mimi ni Semeni. Wengi wenu mnanijua miguu tu, maana ndiyo iliyokuwa ikionekana nikiwa nimelala chini ya masinki yenu nafunga mabomba. Leo nimewaletea na uso."

Watu walicheka kicheko kile cha kulegea mabega. Chausiku, ambaye kura yake alimpa mpinzani kwa sababu ya undugu wa mbali, alijikuta anapiga makofi. Mwanamke anajua kuingia, alijisemea. Wengine wakichaguliwa shingo inarefuka. Huyu imebaki pale pale.

"Sikuja kuhutubia," Semeni aliendelea. "Nimekuja mtuone, ili siku mkija ofisini msikae mkinong'onezana yule mrefu nani. Yule mrefu ni Hiza, mtendaji wa mtaa. Sheria zote anazo kichwani, ndiyo maana utani haukupata nafasi. Mwacheni hivyo hivyo, namhitaji. Huyu ni dada Veneranda, muuguzi. Sindano yake haiumi. Yanayouma ni maneno yake, hasa kwa wenye sukari wanaokunywa soda kwa kujificha."

Mzee mmoja alisukuma chupa nyuma ya kiti chake kwa kisigino. Veneranda akamtazama tu, akatabasamu, na yule mzee akaivuta chupa akaimwaga mwenyewe.

"Na mtumishi wa tatu ni huyu mnayemjua kwa jina, lakini hakuna aliyewahi kuwaletea mumwone. Hiza, geuka."

Hiza aligeuka. Mgongoni alibeba kisanduku cha rangi ya boga, ukubwa wa boga vilevile, kimetoboka matundu madogo madogo pande zote.

"Hii ndiyo Pua. Vile vibomba vilivyo juu ya kila paa, vyenye midomo kama tarumbeta, habari zake zote zinaishia humu. Inanusa mvuke wa kila jiko. Mimi naona mtu akikunusa kila siku, angalau umjue sura."

Sheria ya Pua ilitungwa na watu wenye nia njema, hakuna anayebisha. Ilisema asilale mtu na njaa. Jiko likinyamaza siku mbili, Pua inatoa taarifa kwa mwenyekiti, naye akiitikia, kapu la chakula linaruka lenyewe toka ghala la manispaa mpaka mlangoni pa mhusika. Ili lisipotee lina taa ya machungwa inayowaka na kuzima, na ili lisichukuliwe na mwingine linaita jina la mwenye nyumba, kwa sauti, mpaka mlango ufunguliwe. Mwaka jana lilimwita Mwalimu Shekue. Lilimwita tangu alfajiri mpaka jua kali, mtaa mzima umetoka nje unatazama, na mwalimu hakufungua. Kunguru wakala. Wiki ile ile alihama, na hakuna anayejua alihamia wapi.

"Wiki hii imebadilishiwa nyuzi za kunusia," Hiza alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka. "Zile za zamani zilijua mafuta na viungo basi. Hizi zinajua mpaka pumzi ya wanga. Wali ukichemka unatoa pumzi yake, ugali yake, muhogo yake. Sasa haikosei."

Hapo ndipo Chausiku aliponyoosha mkono.

"Mwenyekiti, samahani. Mimi Chausiku, msusi. Nina kesi na jirani yangu. Anapika pilau kila siku ya Mungu, sahani haivuki. Leo nataka Pua iseme mbele ya watu."

"Iseme!" baraza lote likadakia. "Na aliyeshindwa alishe!"

Semeni alikuwa mgeni kwenye uenyekiti, si kwenye mtaa. Alijua maana yake. Darini kesi ya majirani haiishi kwa faini. Aliyeshindwa humpikia aliyeshinda, wakala sahani moja, mpaka ulimi uliotukana uzoee kusema karibu. Akamtafuta Bi Kidawa kwa macho, akamwona amesimama kwenye kizingiti chake, kanga ameikaza kichwani.

"Bi Kidawa, shikamoo mama. Unakubali?"

"Marahaba. Nikikataa si mtasema nina la kuficha?"

Semeni akachukua kishanga cha kusikilizia, akakitia sikioni. Hiza akabonyeza kisanduku. Kazi ya ususi ni kukaa na nyuso za watu karibu, kioo mkononi, ukijua nani kapenda na nani anasema kapenda tu. Basi Chausiku aliuangalia uso wa mwenyekiti, akauona unabadilika. Haukushangaa. Ulitulia, kama uso wa mtu aliyeshika bomba akahisi limepasuka kwa ndani.

"Isomwe, Mwenyekiti," Hiza alisema. "Kwenye mkutano taarifa inasomwa kwa sauti."

"Leo Pua ina mafua," Semeni alijibu, watu wakacheka. "Kesi ya sufuria itaamuliwa na sufuria. Naingia jikoni, mwenye jiko akinikubalia. Na mlalamikaji aingie awe shahidi, isije ikasemwa nimehongwa minofu."

Alikwenda mpaka kizingitini, akasimama. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama.

"Hodi, mama."

Mwajabu aliacha kujikuna.

"Karibuni," alisema Bi Kidawa.

*

Jiko lilikuwa safi kuliko ukumbi wa wageni. Masufuria makubwa ya shughuli yalipangwa ukutani yameng'arishwa, na juu ya jiko sufuria moja ndogo ilikuwa inachemka taratibu, harufu yake imejaa chumba: hiliki, mdalasini, bizari, kitunguu kilichokaangwa kikaiva rangi ya kahawia. Chausiku alimeza mate bila kutaka.

Semeni akatoa kile kishanga sikioni, akakiweka mezani, akakizungusha mpaka sauti ikasikika chumbani. "Unamsema mwenye jiko," alikiambia, "basi naye asikie."

"Jiko hili lina viungo, kitunguu, chumvi na maji," Pua ilisema kwa sauti yake ya upole, kama ya mtu anayesoma hali ya hewa. "Halina nafaka. Halijawa na nafaka tangu nilipobadilishiwa nyuzi, siku mbili sasa. Nitume kapu?"

Bi Kidawa alifunua kifuniko mwenyewe. Mvuke ukapanda. Chini ya mvuke yalikuwa maji, vipande viwili vitatu vya kitunguu vinazunguka, na chini ya maji palionekana sakafu ya sufuria, imeng'arishwa kama wenzake wa ukutani.

Chausiku alihisi masikio yanawaka moto. Akamtazama bibi kwa mara ya kwanza siku nyingi, akaiona shingo ilivyokonda. Akakumbuka kwamba Bi Kidawa aliacha kuja kusukwa, na yeye Chausiku alikaa barazani akitangaza kuwa mwanamke anaringa.

"Ile Pua ya zamani niliiweza," Bi Kidawa alisema. "Ilikuwa haijui chakula, inajua manukato. Robo kitunguu, punje za hiliki, inaridhika."

"Kwa nini usivushe neno ukutani, Bi Kidawa?" Chausiku aliuliza, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Neno tu."

"Neno gani? Mtaa huu wote umekula mikononi mwangu. Wewe ulipoolewa nilikuwekea ukoko pembeni kwa sababu nilijua unaupenda. Leo nivushe sahani tupu?"

"Nitume kapu?" Pua iliuliza tena.

"Tuma!" Bi Kidawa aliigeukia. "Tuma na taa yake, lije liniite jina! Na mimi nitafunga mlango kama Shekue."

Semeni alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, kama alivyokuwa akikaa zamani akimaliza kazi ya bomba gumu.

"Mama, tusemezane kweli. Nikiitii hii, utakula?"

"Sitakula."

"Nikiikataa nikaondoka zangu, nitakuwa nimekuua kwa adabu. Watu watasema mwenyekiti ana heshima sana, hakumwaibisha bibi wa watu, na wewe utakuwa umekufa. Nikiitii, ofisini nitaonekana nimefanya kazi, na wewe utakuwa umekufa vilevile, ila na taa mlangoni." Akajipangusa uso na pindo la kitenge. "Niliomba kazi hii nikidhani shida ya mtaa ni mabomba."

"Sheria inataka jibu," Pua ilisema.

"Usitume."

"Sheria inataka sababu."

"Mwenyekiti amekataa. Weka jina langu, Semeni Lugendo, usiliweke la mtu mwingine."

"Mwenyekiti anaweza kuondolewa kwa kukataa."

"Najua. Hiza alinisomea kifungu hicho kabla sijala kiapo, na akanisomea tena baada ya kiapo." Akakizima kile kishanga, akakitia mfukoni. Ndipo akamgeukia Chausiku, akamtazama bila ukali wala kubembeleza. "Dada, kesi ni yako. Huko nje hawataniuliza mimi. Watakuuliza wewe."

Hakumwambia aseme nini. Chausiku baadaye alikuja kusema, kila alipomsifia mwenyekiti yule, na alimsifia sana, kwamba angeamriwa kunyamaza huenda angeropoka. Ulimi wake haukuwahi kupenda amri. Lakini aliachiwa. Alisimama pale na habari tamu kuliko zote alizowahi kushika. Habari ya kujaza baraza mpaka watu wakae ngazini. Mpishi wa harusi anachemsha maji! Aliiona jinsi ingepokewa, nani angeshika kifua, nani angesema mimi nilijua. Aliona pia mlango uliofungwa, na kunguru.

Akachukua upawa. Akachota yale maji, akayapuliza, akayanywa.

Yalikuwa na chumvi sawasawa. Hiliki haikupiga kelele, mdalasini ulikuja mwisho, mahali pake. Mashine ya ukumbini ilijifunza kila kitu kwa mwanamke huyu, lakini haikuwahi kuulizwa inaweza nini ikipewa maji matupu.

Bi Kidawa alikuwa anamwangalia mdomoni, kama mpishi yeyote anavyomwangalia mtu anayeonja.

"Chumvi?" aliuliza, hakuweza kujizuia.

"Imekaa," alisema Chausiku.

*

Nje, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kupanda juu ya viti.

"Amepika nini?"

"Da Chau, sema! Pilau la nyama au la kuku?"

Chausiku alisimama kwenye kizingiti cha adui yake. Hakuwahi kuwa na wasikilizaji wengi namna hii.

"Nimeshindwa," alisema.

"Haaa?"

"Nimeshindwa kesi. Nimeonja kwa mdomo wangu. Mkono wa Bi Kidawa ni ule ule, na mchoyo hana hata chembe. Nimemsingizia."

"Sasa na hizo sahani?" Mwajabu alidai, nywele zake nusu bado angani. "Kama si mchoyo mbona hazivuki?"

"Sahani ni zake na ukuta ni wake nusu. Wewe kaa chini, hujamaliziwa kichwa, nikuache hivyo uende nacho harusini?"

Watu wakapasuka vicheko, na kicheko hicho kikaifunika habari kama mkeka. Semeni akatoka nyuma yake, akainua mkono.

"Hukumu yangu ya kwanza, na namshukuru aliyenirahisishia. Aliyeshindwa alishe. Siku ngapi?"

"Siku saba!" wakapiga kelele.

"Saba?" Chausiku alijibu kwa hasira, na hasira ile ilikuwa ya kweli, ila haikuwa juu yao. "Nimemtukana mwezi mzima, nimlishe siku saba? Nitampikia mpaka yeye mwenyewe aseme imetosha. Na anayeona wivu ajitafutie wa kumtukana!"

Wakati watu wanatawanyika, Veneranda alipita kwa Bi Kidawa, akamshika kifundo cha mkono kana kwamba anamsalimu, vidole vimekaa kwenye mshipa. Alipomaliza alimwambia Chausiku polepole, "Kwanza vitu laini. Uji, mchuzi mwepesi. Usimjazie." Chausiku akaitikia kwa kichwa.

Hiza alimsubiri mwenyekiti penye ngazi, uso umemkauka. "Taarifa imekwenda na jina lako. Manispaa watakuita."

"Tutakwenda."

"Kifungu hakina mwanya, Mwenyekiti. Nimekipitia chote kichwani hapa nilipo."

"Basi njiani wewe utanisomea kifungu, na mimi nitakupa habari ya Mwalimu Shekue, nyumba kwa nyumba, waliomwona na waliomcheka. Tukifika tuwe tunajua vyote viwili."

Hiza alifikiri. Akalirekebisha boga lake mgongoni. "Mimi nilikuwa mmoja wa waliotazama," alisema. Kisha akatangulia kushuka, akimshikia mwenyekiti wake mahali ngazi ilipolegea.

Chausiku aliwaona kwa juu wakienda zao kwa miguu kuelekea mtaa wa pili, akasikia sauti ya Semeni ikipiga hodi huko nako. Mwanamke kaweka kiti chake rehani siku ya kwanza, alijisemea, na anacheka.

Kisha akaingia jikoni, na hofu ikamshika. Unampikiaje mpishi? Alipika uji wa mchele, akautia nazi. Akapika mchuzi wa samaki, akauonja, akauonja tena, mpaka hakujua tena anaonja nini. Mwajabu, aliyemaliziwa kichwa kwa haraka, alifukuzwa. Wateja wengine nao wakafukuzwa, na baraza likawa tupu mchana kweupe, jambo ambalo lingezua uvumi wake peke yake.

Ukuta ulikuwa pale. Ingekuwa rahisi kuvusha. Lakini Chausiku hakutaka kuvusha, alitaka mtu. Alitoka, akasimama mlangoni, akangoja.

Bi Kidawa alikuja kwa njia ya mbele, amebadili kanga, amejipaka wanja. Alisimama hatua moja nje ya kizingiti, kidevu juu.

"Hodi. Uji wako umeshika chini. Nimeusikia toka kwangu."

"Umeshika, ndiyo. Nilikuwa naangalia mlango." Chausiku akasogea pembeni, akampisha. "Ingia, mama. Kaa hapa karibu na mimi, ule huku ukinisema."